Barua ya Wazi kwa Shirika la Ndege Lililomwacha Mwanangu Nje ya Orodha

Houston, Texas

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Wajumbe wa Bodi, na Mkuu wa Huduma kwa Wateja

YAH: SAFARI YA ENTEBBE HADI HOUSTON NA MTOTO NILIYEMUASILI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa shuleni Bukoba kuandika barua rasmi, na kwa sababu barua pepe tatu nilizowaandikia kwa lugha laini ya mteja hazikufika kwa mtu. Ya kwanza ilijibiwa na mashine. Ya pili ilijibiwa na binadamu aliyeniomba "namba ya kiti cha mtoto", ilhali mtoto wa chini ya miaka 2 anayepakatwa hana kiti, na hilo ninyi mnalijua kuliko mimi. Ya tatu iliniletea pole mistari miwili pamoja na vocha ya dola 75 ya kutumia kwenye safari nyingine nitakayofanya nanyi ndani ya miezi 12. Kwetu vocha ni ya simu. Hiyo yenu sijaitumia wala sitaitumia.

Jina la shirika lenu sitaliandika hapa, wala la uwanja wa Ulaya tulikolala. Mnajijua, na namba ya tiketi mnayo. Naogopa nikiwataja mtamtafuta kijana mmoja wa kaunta mumtoe kafara, halafu utaratibu uliomfanya atende vile ubaki kama ulivyo.

Kwanza nieleze sisi ni nani. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Bukoba, raia wa Marekani kwa miaka kadhaa sasa. Mume wangu yuko Houston. Binti yetu alizaliwa Uganda na alikuwa na miezi 2 nilipompakata mara ya kwanza katika kituo cha kulelea watoto wachanga, kusini mwa Kampala. Sikumchukua wiki ile nikaondoka naye. Sheria ya Watoto ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamtaka mgeni anayetaka kuasili akae nchini si chini ya mwaka mmoja, na amlee mtoto huyo mwaka mmoja chini ya jicho la afisa ustawi wa jamii, kabla Mahakama Kuu haijatoa amri. Basi nilikaa. Niliacha kazi, nikapanga nyumba ya vyumba viwili, nikajifunza kununua matooke kwa mkungu, na mtoto akajifunza kuongea mikononi mwangu. Maneno yake ya kwanza yalikuwa ya Kiganda. Maji akiyaita amazzi, nami Mhaya nimekua nikiyaita amaizi, kwa hiyo hatukupata shida ya kuelewana.

Siku tunaondoka alikuwa na miezi 16 na uzito wa kilo 9.3. Nilikuwa na amri ya Mahakama Kuu yenye muhuri, cheti chake cha kuzaliwa, pasipoti yake ya Uganda, viza ya uhamiaji ya Marekani ya daraja la IR-3 iliyobandikwa ndani ya pasipoti hiyo, na barua ya ridhaa ya mume wangu iliyoshuhudiwa na mthibitishaji. Mume wangu alikuja kusikiliza shauri, akarudi kazini. Kwa hiyo nilisafiri na mtoto peke yangu, yeye mgongoni kwa khanga, begi la pampasi kifuani.

Haya ndiyo malalamiko yangu.

1. Swali la "wa kumzaa?"

Kaunta yenu ya Entebbe ilifunguliwa jioni. Kijana aliyenipokea aliangalia pasipoti mbili, ya bluu ya Marekani na ya Uganda, akaangalia majina, akaniuliza: "Huyu mtoto ni wako?" Nikasema ni wangu. Akauliza tena, sauti ikiwa juu zaidi, foleni nzima nyuma yangu ikisikia: "Namaanisha, wa kumzaa?"

Nilimpa amri ya mahakama. Hakuisoma. Aliniambia mfumo unamtaka aone jina langu kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na kwamba jina la ukoo la mtoto halifanani na langu. Mheshimiwa, mtoto ana jina la ukoo la baba yake, yaani mume wangu. Mimi nina la baba yangu. Afrika Mashariki mama na mtoto kutolingana jina la mwisho si dalili ya kitu chochote. Mama yangu mzazi, aliyenizaa nyumbani Kagera akishikwa mkono na mkunga wa jadi, halingani nami hata herufi moja. Mkiwa mnarusha ndege kila wiki kutoka Entebbe, hili lilipaswa kuwa somo la siku ya kwanza la mafunzo ya kaunta.

Kisha akanidai "cheti cha Hague". Hapo nilishindwa kujizuia, nikacheka, na nadhani kicheko kile kiliniongezea nusu saa. Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 kuhusu kuasili watoto baina ya nchi na nchi una vyeti vyake, lakini Uganda si mwanachama wa mkataba huo. Cheti hicho hakipo na hakiwezi kuwepo kwa mtoto wa Uganda. Ndiyo maana viza yake ni IR-3 na si IH-3, ile inayotolewa kwa watoto wa nchi za mkataba. Kunidai ni sawa na kumdai mtu wa Bukoba kitambulisho cha mkaazi wa Zanzibar.

Tulikaa pembeni ya kaunta saa moja na dakika 40. Mtoto alilia, akalala, akaamka, akalia.

2. Picha kwa simu

Hili ndilo lililonifanya niamue kuandika hadharani, ingawa lilichukua chini ya dakika moja. Kijana yule alitoa simu yake mfukoni, simu yake binafsi yenye kava la timu ya mpira, akapiga picha kurasa zote za amri ya mahakama "ili amtumie bosi kwenye WhatsApp".

Amri ile ina habari za mwanangu ambazo babu na bibi zake hawazijui. Alipatikana wapi, na nani, akiwa katika hali gani. Ni habari zake yeye, na nilikusudia kumkabidhi yeye mwenyewe akifika umri wa kuuliza. Sasa ziko kwenye simu ya mtu nisiyemjua jina, na kwenye simu ya bosi wake, na Mungu ndiye ajuaye kwenye kundi gani. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019. Ulaya, zilipo ofisi zenu kuu, kanuni ya ulinzi wa data inatumika tangu Mei 2018. Katika barua zangu zote tatu niliuliza picha zile ziko wapi. Hakuna hata mmoja wenu aliyeligusa swali hilo.

3. Kitanda kilichouzwa

Wiki mbili kabla ya safari nilipiga simu kuomba kiti cha mbele ya ukuta, pale panapofungwa kitanda kidogo cha mtoto. Nikathibitishiwa kwa maandishi. Nilipopewa pasi ya kupandia ndege nikakuta niko nyuma, kiti cha katikati. Viti vile vya mbele vilikuwa vimeuzwa kwa nyongeza kwa watu wanaotaka kunyoosha miguu. Niliambiwa "hatuhakikishi". Basi msiandike "imethibitishwa".

4. Usiku wa uwanjani

Ndege ilitakiwa kuondoka saa tano usiku. Iliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa sababu ya hitilafu, na hitilafu siwalaumu. Ningependa irekebishwe ardhini kuliko angani. Tulifika Ulaya saa tano asubuhi, na ndege ya Houston ilikuwa imekwisha ruka saa nne. Inayofuata ilikuwa kesho yake, saa nne. Saa 23 za kusubiri.

Mfanyakazi wenu aligawa karatasi za hoteli kwa abiria wote waliokosa ndege za kuunganisha. Nami nikapewa: chumba kimoja, basi linaondoka mlango namba fulani. Nikashukuru kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Nikafika dirisha la uhamiaji.

Afisa alipiga muhuri pasipoti yangu kwa sababu Mmarekani haombi viza ya kuingia pale kwa siku chache. Akafungua ya mtoto. Mganda anaomba. Akaniambia kwa upole kabisa, wala simlaumu, maana anafuata sheria aliyopewa: "Wewe unaweza kutoka. Mtoto hawezi."

Nilirudi kwenye dawati lenu. Nikaeleza. Mama mmoja wa makamo, mwenye beji ya msimamizi, alisikiliza, akachapa, akasikiliza tena, kisha akasema maneno ambayo nimeyaeleza kwa watu wengi tangu siku ile na bado wanadhani natia chumvi: "Je, una mtu wa kubaki naye hapa wewe ukienda kupumzika?"

Mtoto wa miezi 16. Ambaye wiki nzima alikuwa ameagana na kila uso anaoufahamu isipokuwa wangu. Ambaye wataalamu wa mahakama waliandika kwamba jambo moja analohitaji kuliko yote ni kutotengana na mlezi wake.

Tulibaki. Nilipewa karatasi ya chakula ya euro 15, moja, kwa jina langu, kwa kuwa "mtoto hana haki ya mlo". Maziwa ya kopo niliyobeba yalikuwa ya saa 20 pamoja na akiba kidogo. Duka la dawa la ndani lilifungwa saa tatu usiku wakati mimi niko kwenye foleni yenu nyingine nikiuliza kama mnaweza kumwombea mtoto ruhusa maalumu ya uhamiaji. Pampasi ziliisha kama saa sita za usiku. Mbili za mwisho alinipa mama wa Kighana aliyekuwa akipita kwenda Accra. Nilitandika khanga chini, nyuma ya safu ya viti vyenye mikono ya chuma, vile vilivyotengenezwa makusudi mtu asilale, nikajikunja kumzunguka.

Mtoto hakulala. Akiita "jajja", yaani bibi, jina la mlezi mzee wa kituoni. Nikamwimbia. Nyimbo zote nilizozijua ziliisha, nikaanza upya.

Kama saa kumi alfajiri, mwanamke aliyekuwa akisukuma mashine ya kusafisha sakafu alisimama akatega sikio, kisha akaja. Alikuwa wa Bukavu. "Mama, juu ya nini munalala chini na mutoto?" akaniuliza. "Hoteli si iko pale?"

Akaninyoshea kidole. Ghorofa moja juu, ndani ya eneo lilelile la abiria wa kupita, bila kuvuka dirisha la uhamiaji, palikuwa na hoteli ndogo ya vyumba vya kulipia kwa saa. Nilimbeba mtoto nikapanda. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Kijana wa mapokezi, aliyekuwa na huruma ya kweli, alisema kama ningefika mchana angenipa, na kwamba mashirika ya ndege huwaletea abiria wa namna yangu mara kwa mara. Nikamuuliza kama shirika lenu nalo huwaleta. Akasema ndiyo.

Nimelirudia jibu lile kichwani mara nyingi. Njia ilikuwepo, mnaijua, mna makubaliano nayo, na umbali wake kutoka dawati lenu ni ngazi moja ya umeme. Aliyeijua na akasimama kunieleza ni msafisha sakafu ambaye si mwajiriwa wenu.

5. Mtoto aliyedondoka kwenye mfumo

Asubuhi nilifika getini wa kwanza. Mashine ikalia nyekundu. Mlipotuhamishia ndege ya siku ya pili mlihamisha tiketi yangu, ya mtoto mkaiacha kwenye ndege ya jana. Kwa kompyuta yenu nilikuwa mwanamke mmoja asiye na mtoto, na mtoto aliye mgongoni mwangu hakuwa abiria wa safari yoyote.

Nawaeleza wasomaji wengine wasiojua: mtoto anayepakatwa hulipiwa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima katika safari za kimataifa, na hupewa tiketi yake mwenyewe inayofungamanishwa na ya mzazi. Ndege ikibadilishwa, mtu lazima akumbuke kuhamisha zote mbili. Akisahau, mtoto hubaki nyuma kwenye karatasi. Tangu nimeanza kulieleza hili nimesikia akina mama wengi, wa kuzaa na wa kuasili, wakisema liliwapata wao pia. Ukipewa safari mpya, kabla hujaondoka dirishani uliza: "Na mtoto yumo?"

Geti lilifungwa mara mbili na kufunguliwa mara mbili. Tulipanda tukiwa wa mwisho. Na ndege ilipoanza kushuka Houston, mtoto akilia kwa masikio, mhudumu wenu alinijia akiwa na nia njema tupu, akaniinamia: "Mnyonyeshe tu mama, yatafunguka." Sina maziwa. Nilimpa chupa yenye maji yaliyopoa. Hili silihesabu kuwa kosa, ila nalitaja kwa sababu mafunzo yenu yanaonekana kujua aina moja tu ya mama.

Uwanjani Houston, afisa wa uhamiaji alisoma karatasi zote, ukurasa kwa ukurasa, amri ya mahakama na vyote. Ilimchukua dakika 12. Kwa Sheria ya Uraia wa Mtoto ya mwaka 2000, mtoto wa chini ya miaka 18 anayeingia kwa viza ya IR-3 kuishi na mzazi wake raia huwa raia wa Marekani palepale anapopokelewa. Aliposema "karibuni nyumbani," mtoto ambaye usiku uliotangulia hakuruhusiwa kulala hotelini akawa raia sawa na mimi. Alikuwa amelala. Hakusikia.

Sasa najua mtajibu nini, kwa kuwa mengine mmekwisha kuyajibu.

Mtasema mnawalinda watoto dhidi ya biashara haramu. Hapo niko upande wenu, tena kwa dhati. Uganda imeona mambo. Kabla ya marekebisho ya 2016 watu walipitia uchochoro wa hati za ulezi wakaondoka na watoto ndani ya wiki chache, wengine wakiwa na wazazi hai waliodanganywa kwamba mwana anakwenda kusoma. Agosti 2020 Hazina ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili na wakili mmoja wa Uganda kwa kuhusika na mtandao wa kuasili wa hadaa. Kwa hiyo niulizeni. Niulizeni kila kitu. Lakini ulinzi wa mtoto ni kusoma karatasi, na kijana wenu hakusoma hata moja. Mlanguzi mwenye jina la ukoo linalofanana na la mtoto angepita kaunta ile kwa dakika tano. Mama mwenye amri halali ya Mahakama Kuu alisimama saa moja na dakika 40. Hapo mtoto gani amelindwa?

Mtasema mkimbeba abiria asiye na hati kamili mnatozwa faini na kulazimika kumrudisha alikotoka. Ni kweli. Ila hati yenyewe ilikuwa mbele yake. Viza ya uhamiaji haitolewi mpaka ubalozi uwe umechunguza kuasili kwenyewe, ukathibitisha mtoto hana mlezi mwingine mwenye haki, na daktari aliyeteuliwa amempima. Kazi aliyokuwa akijaribu kuifanya kijana wenu kwa kukunja uso ilikwisha kufanywa na watu wenye mamlaka nayo.

Mtasema, kama mlivyosema katika barua ya tatu, kwamba kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ile ya fidia kwa abiria waliocheleweshwa, hainihusu, kwa sababu safari yangu ilianzia Entebbe na kuishia Houston, zote nje ya Ulaya, chini ya tiketi moja. Mko sahihi. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua hivyo mwaka 2022. Jirani yangu wa kiti, aliyeishia mji uleule tulioshukia, anaweza kudai euro 600 kwa kuchelewa kulekule, ndege ileile, hitilafu ileile. Mimi niliyeendelea na mtoto mchanga siwezi. Sibishani na mahakama, na wala sidai euro 600. Nadai mambo mengine.

Na mtasema uhamiaji wa nchi ile si wenu. Si wenu. Lakini kupanga safari ya mwanamke na mtoto wenye pasipoti mbili tofauti ni kazi yenu, na pasipoti zote mbili zilikuwa kwenye kompyuta yenu tangu nilipokata tiketi. Mngeangalia mara moja tu mngejua kwamba karatasi ya hoteli mliyonipa haina thamani.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba yafuatayo, kwa maandishi, ndani ya siku 30:

Kwanza, uthibitisho kwamba picha za amri ya mahakama zimefutwa kwenye kila simu zilikopita, ukisainiwa na mtu mwenye jina na cheo. Hili liko juu ya mengine yote. Nikikosa jibu lake peke yake nitapeleka malalamiko kwenye mamlaka za ulinzi wa data, Kampala na huko kwenu.

Pili, maelekezo kwa kaunta zote, zikiwemo zile mlizowapa wakandarasi, kwamba kwa mtoto aliyeasiliwa hati za kuangaliwa ni amri ya mahakama pamoja na viza. Kwamba cheti cha Hague kinaulizwa kwa nchi za mkataba tu. Kwamba mazungumzo hayo yanafanyika pembeni na si mbele ya foleni. Na kwamba swali la "wa kumzaa" halina mahali pake. Swali sahihi ni "naomba hati za mtoto". Maneno manne. Nimeyahesabu.

Tatu, ndege ikichelewa, abiria mwenye mtoto ambaye pasipoti yake haimruhusu kutoka nje awe wa kwanza kupewa chumba ndani ya eneo la kupita, si wa mwisho kugundua kwamba kipo. Doha na Istanbul zina hoteli za namna hiyo ndani kwa ndani, na uwanja wenu pia unayo.

Nne, mfumo wenu usikubali kumhamisha mzazi bila mtoto wake. Mimi si fundi wa kompyuta, lakini kama unaweza kunizuia nisichague chakula bila kuchagua kinywaji, unaweza na hili.

Tano, mnilipe nilichotumia: maziwa, chakula, tiketi ya basi ya mume wangu aliyekuja uwanjani siku mbili mfululizo, na ile pesa niliyolipia kiti ambacho sikukikalia. Jumla ni dola 214, na risiti nimekwisha kuwatumia. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, kifungu cha 19, unamwajibisha msafirishaji kwa hasara iliyoletwa na ucheleweshaji, isipokuwa athibitishe kwamba yeye na watu wake walichukua hatua zote zilizowezekana kuizuia. Masharti yenu wenyewe ya usafirishaji yanautaja mkataba huo. Nikumbushe tu kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwenu, na hatua moja iliyowezekana ilikuwa ghorofa moja juu.

Vocha nairudisha pamoja na barua hii.

Mtakapoanza kunitafuta kwenye kompyuta zenu, tafuteni tiketi mbili. Ya kwangu itatokea haraka. Ya pili ni ya abiria asiye na namba ya kiti, aliyezaliwa Uganda, ambaye wiki iliyopita ameanza kusema "maji". Namba yake nimeiandika kwa kalamu nyuma ya nakala iliyokuja kwenu kwa posta, ili safari hii isidondoke.

Wenu mtiifu,

Mama yake